Pete ya Kuogelea Jangwani: Nilivyojifunza Kutengeneza Upya Vifaa vya Uchawi

Kilikuwa kikao cha kumi na moja cha mchezo wetu wa kuigiza mezani. Walikuwa wamepigana na zimwi kwa saa nzima na ushei. Mganga amebakiza pumzi moja, mchawi ameishiwa kila kitu cha maana, na mwizi ndiye aliyemaliza kazi kwa dadu ya pande 20 iliyoangukia 19. Nikawafungulia sanduku nililoliandaa wiki nzima: kufuli la shaba, harufu ya chumvi, kitambaa cha hariri kilichooza, na ndani yake pete ya fedha yenye umbo la samaki anayejiuma mkia.

"Inafanya nini?" mwizi akauliza.

"Ukiivaa unaogelea futi 40 kwa zamu moja."

Kimya. Akaandika neno moja pembeni mwa karatasi yake, halafu akainua macho. "Sawa. Inauzika?"

Kampeni yetu, yaani hadithi ndefu tunayoicheza kikao baada ya kikao, ilikuwa ya jangwani. Tangu kikao cha kwanza hawakuwa wameona hata dimbwi la kulowesha visigino.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, yaani anaeleza ulimwengu na kuwachezea maadui wote, na wengine kila mmoja anamwigiza mhusika wake. Dadu zinaamua kinachofanikiwa na kinachoshindikana. Mzee wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunatumia kanuni za toleo lake la tano, za mwaka 2014, na msimulizi ni mimi. Ukicheza mchezo mwingine wa jamii hii namba zitabadilika, lakini matatizo ni yale yale.

Pete ile sikuibuni. Niliitoa kwenye jedwali la hazina kwa kurusha dadu usiku wa kuamkia kikao, nikaipamba kwa hariri na chumvi nikidhani mapambo yataficha uvivu. Hayakuficha kitu. Swali la "inauzika?" lilinikaa kooni siku kadhaa, na kikao kilichofuata nikafanya jambo ambalo namshauri kila msimulizi alifanye hata kama litamuuma. Niliwaambia wageuze karatasi zao chini, kisha kila mmoja anitajie kwa kichwa vifaa vya uchawi alivyonavyo.

Kundi zima lilikuwa na vifaa kumi na kimoja. Walikumbuka vinne, na viwili kati ya hivyo vilikuwa chupa za dawa ya kuponya majeraha. Mganga aliapa kabisa kwamba fimbo aliyokuwa ameibeba tangu kikao cha tatu hakuwahi kupewa. Tulipogeuza karatasi tukaikuta imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na kando ameichorea ua.

Basi nikaamua kurekebisha, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba vifaa vimesahaulika kwa sababu ni dhaifu. Mpiganaji wetu alikuwa na upanga wa nyongeza ya moja: unaongeza 1 kwenye kila dadu ya kupiga na 1 kwenye jeraha. Nikaupandisha kuwa wa nyongeza ya tatu, na sababu ya kisimulizi sikuihangaikia. Kuna mzee mmoja njiani aliunoa, yakaisha.

Hesabu yake nilipaswa kuifanya mapema. Kwenye dadu ya pande 20, nyongeza ya moja inabadilisha matokeo mara moja katika kila mitupo 20. Mpiganaji wa kiwango cha 5 anapiga mara mbili kwa zamu, na pambano letu la kawaida ni zamu nne, kwa hiyo ni mapigo manane. Maana yake upanga ule ulikuwa "unafanya kazi" takriban mara moja kila mapambano mawili na nusu, tena bila mtu kujua, kwani nani anakaa akitoa moja ili aone kama angekosa? Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro: upanga ulisaidia kimyakimya. Mimi nikautibu kana kwamba kasoro ni udogo wa namba.

Kwa nyongeza ya tatu mambo yakabadilika upande mwingine. Kanuni za toleo hili zimejengwa ili kinga za maadui, yaani namba ambayo pigo lazima liifikie ili limpate adui, zisipande sana; adui wa mwanzo na adui wa mwisho hawajaachana kwa namba kama mtu anavyodhani, na ustadi wa mhusika wenyewe unatoka nyongeza ya 2 hadi ya 6 tu katika maisha yake yote. Ukimwaga 3 nzima humo ndani ni kama kumwaga ndoo kwenye kikombe. Mpiganaji aliyekuwa akimpata adui wa kinga 15 kwa asilimia 65 sasa alimpata kwa asilimia 75. Mapambano yakawa mepesi, nami nikapandisha kinga za maadui hadi 17 ili yarudi kuwa magumu. Mpiganaji akarudi kwenye asilimia 65 yake. Wenzake wenye nyongeza kama aliyokuwa nayo mwanzo wakashuka hadi 55. Kwa ufupi, nilimpa mmoja zawadi na kuwatoza faini wengine, na haikunichukua muda kuona mchawi anachezea simu zamu za wenzake, kisha hata zamu yake.

Nikakimbilia suluhisho baya kuliko yote: nikaupunguza upanga katikati ya kikao. Nilisema umepata ufa. Mpiganaji hakubisha. Alifuta namba ile kwa raba polepole, akapuliza vumbi la raba, na kikao kilichofuata akatuma ujumbe kwamba amebanwa na kazi. Kilichofuata baada ya hapo pia. Ni rafiki yangu wa miaka mingi na nilijua kazi yake haimbani hivyo.

Nilimfuata. Sikwenda na maelezo ya mizani ya mchezo, maana maelezo hayo yalikuwa kweli na hayakuwa na maana yoyote kwake. Nilimwambia nimekosea kumpa na nimekosea zaidi kumnyang'anya mbele za watu, na nikamwomba tuutengeneze upanga pamoja. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kitu nilichokiandika nilipofika nyumbani: "Sikuwa naitaka ile tatu. Nilitaka watu wakumbuke ni upanga wangu."

Kama unataka jambo moja la kubeba kutoka kwenye masimulizi haya marefu, beba hilo. Usimpunguzie mchezaji kifaa bila yeye kukaa upande wako wa meza.

Tulichokitengeneza kilikuwa hiki. Upanga ulirudi kwenye nyongeza ya moja. Tukasema ulikuwa wa mlinzi aliyekufa akimkinga mtu ambaye jina lake limefutika. Mara moja kwa kila pambano, mwenzako aliye karibu nawe akipigwa, unaweza kujitosa na kulipokea pigo lile wewe badala yake. Pigo lako linalofuata likimpata adui, linaongeza nusu ya maumivu uliyoyapokea. Ni sentensi mbili tu. Kwa namba ni dhaifu kuliko nyongeza ya tatu, nimepiga hesabu zaidi ya mara moja. Lakini kila adui anapoinua mkono, meza nzima inamgeukia mpiganaji: anaingia au haingii? Hapo nilielewa kuwa kazi ya kifaa ni kumpa mtu jambo la kuamua, na wenzake sababu ya kumtazama.

Tena si jambo geni kwetu sisi tuliolelewa na hadithi. Ile sindano ya shaba iliyommaliza Fumo Liyongo haikuwa na nyongeza yoyote. Ilikuwa sindano. Nguvu yake yote ilikuwa kwamba kuna sehemu moja ya kuichoma, kitovuni, na mtu mmoja aliyeaminiwa vya kutosha kuijua siri. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni na bado nilikaa na kalamu nikidhani namba 3 ni tamu kuliko namba 1.

Nilipopata mafanikio ya upanga nikalewa. Wiki iliyofuata nikaandika buti za mchawi kwa nusu ukurasa mzima: hali tatu kulingana na mwezi, orodha ya aina za ardhi, na adhabu ukizivaa siku mbili mfululizo. Nilijivunia sana. Kwenye pambano la kwanza mchawi alisoma karatasi ile dakika nzima, akaniuliza mwezi uko wapi, nikafungua daftari, nikakuta sijui. Akasema, "Basi natembea tu."

Tangu siku hiyo kifaa kisichoenea kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja hakiingii mezani kwangu, na kadi anaiandika mchezaji kwa maneno yake huku mimi namtajia. Akishindwa kuifupisha, kosa ni la kifaa.

Buti zile ndizo zilizonipa mbinu ninayoitumia mpaka leo, na niliipata kwa bahati tu. Nilikuwa nimekaa na neno "kukimbia" kwenye karatasi tupu, na mkono ukaanza wenyewe kuandika kama tulivyokuwa tukikaririshwa shuleni: kimbia, kimbiza, kimbilia, kimbizana. Nikasimama kwenye kimbilia. Buti za kukimbia zinakupa mwendo, na mwendo kila mtu anao. Buti za kukimbilia ni kitu kingine kabisa. Zinakupa mwendo maradufu, lakini pale tu unapokwenda kwa mwenzako aliyeanguka. Ukitaka kutoroka, ni viatu vya kawaida. Mchawi wetu ni mwoga kwa tabia, amemwigiza hivyo tangu mwanzo, na sasa alikuwa amevaa miguuni kitu kinachomsaidia kwenda kule tu asikotaka kwenda.

Kwa hiyo ukikwama, chukua kitenzi cha kifaa chako ukinyambue. Tulikuwa na miwani ya kuonea vitu vidogo sana, ambayo haikuwahi kutoka mkobani. Ona: onesha, onekana, onana. (Onea nikaiacha, nilihisi inaelekea kwenye uonevu.) Onesha ingekuwa miwani ya kuwafanya wengine waone unachokiona wewe. Onekana ingefichua kilichojificha, lakini mchawi anao uchawi wa kufanya hivyo tayari na sikutaka kumnyang'anya kazi yake. Onana ndiyo iliyoshinda. Miwani inagawanyika mara mbili, mtu huyu achukue kioo kimoja na yule kingine, na jicho la kila mmoja linaona anachokiona mwenzake. Gharama yake: jicho hilo halioni tena kilicho mbele yako mwenyewe. Mwizi akapenya kwenye ngome na kioo kimoja, mganga akabaki nje na kingine akiwasimulia wenzake kilichomo ndani, na kwa sababu upande wake wa kulia ulikuwa gizani, hakumwona mlinzi aliyekuja kusimama begani kwake. Sikuwa nimelipanga tukio hilo hata kidogo.

Fimbo ya mganga, ile yenye ua, ilikuwa na ugonjwa mwingine wa kimyakimya. Ilikuwa ya kuwatia maadui hofu, yenye chaji tatu, na adui aliepuka hofu hiyo akifikisha 13 kwenye dadu yake ya kujinusuru. Walipokuwa kiwango cha 2 namba hiyo ilikuwa nzuri. Walipofika cha 8, maadui wengi wa maana walikuwa na nyongeza ya 7, maana yake wanaponyoka wakipata 6 au zaidi, yaani mara tatu kati ya nne. Uwezekano wa chaji zote tatu kupotea bure ni karibu asilimia 42. Mganga hakuwa amesahau fimbo. Akili yake iliitupa yenyewe baada ya kuaibishwa.

Nilifanya mawili. Namba ya kuepuka nikaifunga kwa mganga mwenyewe, ile 8 ukijumlisha ustadi na uwezo wake wa kiuchawi, ili fimbo ikue naye. La pili ndilo lenye uzito: adui akinusurika, bado kuna kitu kinatokea. Haogopi, ila analazimika kusema kwa sauti jambo analoliogopa kuliko yote. Mara ya kwanza ilipotumika hivyo, jemadari wa maadui alinusurika, akasema "kaka yangu," na pambano likasimama kwa sababu wachezaji wote waliacha panga wakaanza kumhoji. Zamu iliyokwenda bure kabisa huua kifaa haraka kuliko udhaifu wowote wa namba.

Angalia pia kifaa kinagombana na nini. Kikidai zamu nzima ya mtu kinashindana na pigo lake bora, na kitashindwa. Vile vile kuna kanuni kwamba mhusika hufungamana, yaani huunganishwa kiuchawi, na vifaa vitatu tu kwa wakati mmoja, kwa vile vinavyodai kufungamana. Kwenye kanuni hizo hizo kuna mkuki wa pembe tatu wa kuwaamuru viumbe wa majini, na huo nao unataka nafasi moja kati ya tatu. Nani atampisha samaki kwenye nafasi ya upanga? Vitu vidogo nimeviondolea sharti hilo bila kuomba radhi.

Kuna kosa moja zaidi, nalitaja haraka kwa sababu bado linanichekesha vibaya. Niliweka ngao iliyolala, itakayoamka mwenye nayo akimsamehe adui aliyemshinda. Siri kubwa, sikumwambia mtu. Vikao vitano wakaua kila aliyejisalimisha. Ikabidi ngao ianze kulia usiku. Kama kifaa kinakua, sharti la kukua lijulikane nusu, wachezaji wajue kuna mlango hata kama hawajaujua ufunguo.

Na ile pete. Niliiacha mwisho kwa sababu niliionea haya. Sikuibadilisha kitenzi, nikabadilisha mahali: kuogelea, lakini wapi? Kwenye mchanga. Mara moja kwa siku, aliyeivaa anaupokea mchanga kama maji kwa muda anaoweza kushikilia pumzi. Kanuni tayari zinasema muda huo ni dakika moja pamoja na nyongeza ya ustahimilivu wa mhusika, na kwa mwizi wetu zikawa dakika mbili. Kilichofungwa mwilini kinakwenda naye, kilicholegea kinabaki chini.

Walifika kwenye lango la mji uliofungwa. Mwizi akaangalia ukuta, akaangalia mchanga, akaanza kuuliza maswali ya ajabu: msingi wa ukuta una kina gani, mshipi wangu umekaza kiasi gani. Mpiganaji akamfunga kamba kiunoni. Akazama. Nikawa nahesabu sekunde kwa sauti na hakuna aliyegusa simu. Sekunde ya mia na kumi akaibuka upande wa pili, ndani ya zizi la ngamia, bila kisu, bila funguo zake za kughushi, na kiatu kimoja. Kisu hicho alipewa na mganga. Mpaka leo wanapanga safari ya kurudi kukichimba, na nimekwisha kuandika ni nani aliyekiokota.

Kazi yote ilinichukua miezi minne hivi, jumapili nyingi, na wiki kadhaa za urafiki uliopoa. Vifaa tisa kati ya kumi na kimoja vilipita mikononi mwangu, maana chupa ya dawa haina la kurekebishwa. Moja walikuwa wamekwisha kuinywa na nyingine niliiacha kama ilivyo.

Cha tisa ni joho la kinga la mganga, na hilo lilinirudi kama lilivyokwenda. Linaongeza 1 kwenye kinga na 1 kwenye kujinusuru, basi, kitu cha kusahaulika kuliko vyote kwa vipimo vyangu vipya. Nilikuwa nimeliandalia kadi nzuri: linahama begani, linafunika wawili, lina gharama na uamuzi ndani yake. Nikamsomea. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Zamu yangu nina uchawi kumi na mbili wa kuchagua," akasema, "nina fimbo inayowafanya watu waungame, nina jicho moja lisiloona. Joho langu usiliguse."

Akairudisha kadi kwangu upande mwingine wa meza, ikiwa imegeuzwa chini.